Kutaja jina la mwanamuziki mwenzako si kumchokoza

Hapa Kigoma, redio ikipiga wimbo unaomtaja mwanamuziki mwingine, kwenye kijiwe cha kahawa hakosi wa kusema: "Hapo kapigwa kijembe." Imani hii imekaa miaka mingi, na inawanyima watu utamu wa nyimbo zenyewe.

Vijembe vipo, sikatai. Lakini sikiliza muziki wa dansi. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magita hutawala, likikolea, mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina na gita huitika papo hapo. Mwito huo una kazi: unampa mpigaji zamu yake na kumjulisha msikilizaji nani kashika nyuzi. Kwenye santuri jina kubwa lilikuwa la bendi, kwa hiyo wapiga gita wengi tumewajua kwa kuitwa hivyo tu.

Kuna pia maombolezo. Mwimbaji wa Kongo Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, alipofariki mwaka 1983, Franco na Tabu Ley, mahasimu wa miaka mingi kwenye muziki wa Kongo, walimwimbia pamoja "Kabasele in Memoriam". Marekani nako, Stevie Wonder katika "Sir Duke" ya mwaka 1976 anamuenzi mwanamuziki wa jazi Duke Ellington, aliyefariki mwaka 1974, na anawataja nyota wenzake Basie, Miller, Satchmo (Louis Armstrong) na Ella kwa furaha tupu.

Wengine husema basi lazima wamelipwa. Huko Kongo kweli kuna libanga, jina kutajwa kwa fedha, ila mara nyingi wanaolipa ni matajiri wanaotaka sifa, si wanamuziki wenzao.