Mwili hauzoei usingizi wa saa 4 tu

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema mtafutaji wa maisha hapaswi kulala zaidi ya saa 4 kwa usiku, eti mwili utazoea. Si kweli. Watu wazima wengi wanahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Kinachozoeleka ni kujiona uko sawa. Umakini na kumbukumbu huendelea kushuka, na hapo ndipo tunapochanganyikiwa, hasa kahawa ikishaficha uchovu. Jipime: ukipanda daladala Mbagala asubuhi, unasinzia kabla ya kufika Kariakoo? Siku ya mapumziko unalala mpaka jua kali? Basi huenda mwili unakudai usingizi. Namfikiria dereva wa bodaboda aliyeuamini ujumbe huo. Tafadhali, ukikufikia, usiusambaze.