Sifuri katika Safu ya Makaa ya Mawe

Katika kazi yangu ya takwimu za nishati, safu ya jedwali ninayoona ikisomwa vibaya mara nyingi ni ile ya makaa ya mawe yanayotumika katika kilimo na misitu. Msomaji huona nchi moja ina tarakimu kubwa na nyingine ina sifuri, akahitimisha kwamba ya pili imekwisha kujisafisha.

Nasema makaa ya mawe kwa makusudi, kwa kuwa makaa tunayopikia nyumbani ni miti, nayo huhesabiwa pamoja na kuni. Safu hii hubeba makaa ya mawe, lignaiti (makaa ya mawe laini ya kahawia) na koki (makaa ya mawe yaliyookwa) vinavyochomwa shambani kwenyewe. Misitu huchangia kidogo sana, maana misumeno na matrekta yake hutumia petroli na dizeli.

Katika Umoja wa Ulaya, sehemu kubwa kabisa ya safu hiyo ni ya Poland, ambako makaa ya mawe ya Silesia, eneo la migodi kusini mwa nchi hiyo, yamepasha joto vitalu nyumba vya nyanya na kuchemsha viazi vya kulishia nguruwe kwa miaka mingi. Uholanzi ina takriban hekta 10,000 za vitalu nyumba vya vioo, lakini makaa ya mawe hayaonekani. Wakulima wake nao waliyachoma zamani, hadi gesi asilia iliyogunduliwa Slochteren mwaka 1959 ilipowafikia. Gigajuli moja (kipimo cha nishati) ya makaa ya mawe hutoa takriban kilo 95 za kaboni dioksidi, na ya gesi kilo 56. Nafuu ni ya kweli, ila hizo kilo 56 zimehamia safu nyingine. Vivyo hivyo China, ambako sehemu kubwa ya amonia ya mbolea hutengenezwa kwa makaa ya mawe: makaa hayo huandikwa chini ya viwanda vya kemikali, ingawa mbolea inaishia shambani.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa tumbaku ya mvuke, yaani ile inayokaushwa kwa hewa ya moto. Zimbabwe ina mgodi wa Hwange, na wakulima wake wakubwa wengi hukausha majani kwa makaa ya mawe, huku wadogo wakitegemea kuni. Kwetu Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, mabani (vibanda vya kukaushia tumbaku) huwashwa kwa magogo ya miombo, na makaa ya mawe ya Ngaka, kule Mbinga, hutumiwa na viwanda vya saruji. Ukisoma safu moja tu, mkulima wa Tabora ataonekana msafi kuliko mwenzake wa Zimbabwe, ilhali anakata msitu kila msimu.

Kwa hiyo nikiombwa kulinganisha nchi, huweka safu ya makaa ya mawe kando ya zile za gesi na kuni. Ya kuni ndiyo inayonipa taabu kubwa: hujazwa kwa makadirio, kwa sababu magogo hutoka porini hadi kwenye bani bila kupimwa.