Kwa nini jibini maarufu ya Italia inategemea Masingasinga?

Ukiingia zizi kubwa katika bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, alfajiri ya saa kumi, anayefunga mashine kwenye chuchu za ng'ombe huenda ukamkuta ni mtu wa Punjab, jimbo la kaskazini mwa India, mwenye kilemba. Maziwa hayo ndiyo yanayotengeneza jibini za Parmigiano Reggiano na Grana Padano.

Maelezo yanayopendwa ni kwamba kwa Mhindi ng'ombe ni mtakatifu, kwa hiyo ana mkono naye. Maelezo matamu, lakini hayashiki. Hawa ni Masingasinga. Wanaomtukuza ng'ombe ni Wahindu, na kutukuza hakumfundishi mtu kuosha kiwele. Kweli, Punjab ni nchi ya wakulima na wengi walikua na mifugo nyumbani. Ila nyati wawili wa kufugwa uani si sawa na ng'ombe mia tatu wa kukamuliwa kwa mashine. Kazi hiyo wengi waliifunzwa hukohuko Italia.

Sababu yenyewe ni saa. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku, Krismasi ikiwemo. Kanuni za Parmigiano zinabana zaidi: maziwa yafike kiwandani ndani ya saa mbili baada ya kukamua. Vijana wa Kiitalia waliukwepa ukamuaji, wazee wakastaafu, na kuanzia miaka ya 1980 nafasi zikabaki wazi. Kazi inakula usingizi, lakini inampa mhamiaji nyumba palepale shambani na mkataba wa mwaka mzima, na kwa mkataba hupatikana kibali cha kuleta mke na watoto.

Kilichofuata ni kama Kariakoo: mjomba akishakuwa na meza, mpwa hahangaiki kutafuta pa kuanzia. Mwenye zizi akitaka mtu, humuuliza mkamuaji wake kama ana ndugu. Kufikia 2000 mji wa Novellara, katika bonde hilohilo, ulikuwa na gurdwara kubwa, yaani hekalu la Masingasinga. Pessina Cremonese ikafuata 2011. Leo baadhi ya wakamuaji wa zamani ni wasimamizi wa mazizi, na watoto wao wengi wametafuta kazi zenye Jumapili.

Asiyeamini kwamba ni muundo wa kazi, si dini, atazame Latina, kusini mwa Roma. Huko Masingasinga wa Punjab ileile huvuna mboga kwa msimu, wengi kupitia madalali, bila mkataba. Juni 2024 kibarua mmoja alikatwa mkono na mashine, akatelekezwa nje ya nyumba yake, akafa.