Kukimbia kwa raha: dhana potofu zinazomkaza mkimbiaji wa siku mojamoja

Mtu anayekimbia akipata nafasi tu hupewa ushauri mwingi kuhusu namna ya kutupa mguu, na sehemu kubwa ya ushauri huo humkaza mwili badala ya kuulegeza.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba kutua kwa kisigino ni kosa. Ukweli ni kwamba watafiti waliowarekodi wakimbiaji wa kiwango cha juu katika nusu marathoni ya Sapporo, Japani, mwaka 2004, waliona kuwa kwenye kilomita ya 15 takriban watatu kati ya kila wanne walitua kwa kisigino. Hata hoja kwamba anayekimbia pekupeku hatui kwa kisigino haitoshi, kwa sababu Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, waliozoea kwenda bila viatu, walipopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wengi wao walitua kwa kisigino walipokimbia kwa kasi waliyoichagua wenyewe. Kinachostahili kuangaliwa ni mguu unaotua mbali mbele ya mwili huku goti limenyooka, kwani hapo kila hatua inakuwa breki. Anayejilazimisha kutua kwa vidole hulipunguzia goti mzigo, lakini huuhamishia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino, sehemu ambazo kwa mtu asiyekimbia mara kwa mara hazijazoea kazi hiyo.

Wengine huzishika hatua 180 kwa dakika kama amri. Idadi hiyo ilipata umaarufu kupitia kocha Mmarekani Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wanariadha kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, yaani watu waliokuwa mashindanoni. Anayekimbia polepole akiwa na hatua 160 hana kasoro. Lenye faida ni kuongeza asilimia 5 hadi 10 juu ya mazoea yake, kasi ikibaki ileile. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba badiliko hilo dogo hupunguza mzigo wa goti na nyonga. Hesabu mguu wa kulia kwa nusu dakika: ukipata 40, yaani hatua 160 kwa dakika kwa miguu yote miwili, jaribu 42.

Wapo pia wanaodhani kulegea ni kuiacha mikono ining'inie. La hasha, mikono husawazisha miguu, na majaribio yameonyesha kwamba kukimbia ukiwa umeifumbata nyuma ya mgongo huongeza matumizi ya nishati kwa takriban asilimia 3. Mkazo huanzia mahali padogo, kwa kawaida kwenye ngumi: kidole gumba kinabana vingine, kigasha kinakakamaa, na bila mwenyewe kujua mabega yanapanda kuelekea masikioni. Fungua vidole, toa pumzi ndefu, shusha mabega, kisha viache viwiko vikiwa vimekunjwa na vikienda mbele na nyuma.

Wala hakuna umbo moja la lazima. Emil Zátopek, aliyekimbia akikunja uso na kuyumbisha kichwa, alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni kwamba kupunguza kasi ni uvivu. Hakuna ufundi utakaomlegeza mtu anayekimbia kwa kasi kuliko pumzi yake inavyoruhusu. Kipimo ni kuweza kusema sentensi nzima bila kuikata katikati. Ukishindwa, tembea mpaka pumzi irudi, ndipo uanze tena.