Tabaka mshazari: mistari iliyolala ndani ya jabali

Kijana mmoja wa Katonga, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, alinionyesha kwenye simu picha ya jabali la ufukweni. Katikati ya jabali kuna tabaka lenye mistari myembamba iliyolala upande, ilhali matabaka ya juu na ya chini yamenyooka. "Tetemeko hili, mzee," akasema. Sivyo. Ardhi ikiinuka upande mmoja, matabaka yote hulala pamoja. Likilala moja tu kati ya yaliyonyooka, hilo ni tabaka mshazari, na limelazwa na maji au upepo wakati mchanga ungali mchanga, haujawa jiwe.

Nenda Kibirizi, papa hapa Kigoma, mvua ikishakatika, pale kijito kinapoingia ziwani. Chini ya maji utaona viwimbi vya mchanga: upande yanakotoka maji mteremko ni wa taratibu, upande yanakokwenda ni mkali. Chembe husukumwa hadi kileleni, zikazidi, zikaporomoka upande wa pili. Kila poromoko huacha utando mmoja wa mchanga, mwingine ukaja kuuegemea. Kikate kiwimbi kwa kisu, taratibu, utaziona tando hizo kwa macho yako. Zinakoteremkia ndiko maji yanakoelekea.

Jabalini ni vivyo hivyo, ila picha ina mtego wake: inaonyesha uso mmoja tu wa jiwe. Uso huo ukikata njia ya maji kwa upande, mteremko utaonekana mdogo kuliko ulivyo, au utapotea kabisa. Ndiyo maana mimi huomba picha ya pili, ya pembeni. Michirizi ya maji ya mvua nayo hudanganya, maana hupita juu ya matabaka bila kuyafuata.

Tazama pia ncha za mistari. Chini hupinda na kulala polepole. Juu hukatwa ghafla, kwa kuwa mkondo uliofuata ulikwangua vilele. Kwa alama hiyo unajua hata kama mwamba umepinduliwa.

Picha ya kijana haikuwa na kipimo, nusu ya habari ikapotea. Tulirudi naye, akasimamisha kalamu kando ya jiwe: tabaka lilikuwa na kimo cha kalamu mbili. Hicho si kiwimbi cha kijito, ni tuta la mchanga. Akageuka kulitazama ziwa. Nikamwambia mkondo ule haukuwa wa Tanganyika. Miamba hii ilikuwapo mamia ya mamilioni ya miaka kabla Bonde la Ufa halijafunguka na kulizaa ziwa hili.