Nani Kakwambia Nyumba Zao ni za Bure?

Jumamosi iliyopita, kwenye nyama choma ya Waswahili wa huku Marekani, nimeisikia tena: "Hawa Wahindi Wekundu wanajengewa nyumba bure na serikali, sisi tunakamuliwa mogeji, mkopo wa nyumba, miaka 30." Aliyesema ni shemeji yangu, tena mbele ya wageni, kwa hiyo nilinyamaza nikaendelea kutafuna mbavu. Hapa kwangu sinyamazi.

Kazi yangu ni kupitia mafaili ya mikopo ya nyumba kwenye ardhi za makabila ya wenyeji wa nchi hii. Mikopo, shemeji. Mtu analeta slipu ya mshahara, anachunguzwa madeni yake, analipa kila mwezi kama wewe. Tangu 1992 ipo dhamana ya serikali kwa mikopo hii, inaitwa Kifungu cha 184: mkopo ukizidi dola 50,000 unatanguliza asilimia 2.25, na ukishindwa kulipa serikali inaifidia benki. Benki, si wewe. Ruzuku kwa makabila zipo pia, chini ya sheria ya 1996. Pamoja na hizo, utafiti wa wizara ya nyumba wa 2017 ulikuta zinahitajika nyumba 68,000 ili kupunguza msongamano na kubadilisha zilizochakaa. Bure gani hiyo?

Lakini wanaoniudhi zaidi ni wale wanaojua kwamba nyumba si za bure, halafu wanadhani shida ni pesa tu. Shida ni hati ya ardhi.

Sheria ya Dawes ya 1887 iliikatakata ardhi ya makabila, mkuu wa kaya akapewa hadi ekari 160, serikali kuu ikabaki na hati kama mdhamini. Mwenye shamba akifa, warithi hawagawani ardhi, wanagawana hisa. Wewe fikiria shamba la babu ambalo mirathi yake haijawahi kufungwa. Si kwamba wewe una upande wa mwembe na dada yako ana upande wa kisima. Una kijisehemu cha kila jani la mwembe na kila ndoo ya maji. Baada ya vizazi vitano warithi ni mamia, na wengine hata hawajui kama ni warithi. Sasa unataka kukodi kipande uweke chumba na sebule. Wenye hisa wakiwa 20 au zaidi, utafute ridhaa ya wenye zaidi ya nusu ya hisa zote. Wakiwa 5 kushuka chini, asilimia 90. Ndipo mkataba uidhinishwe, ndipo benki ikutazame usoni. Nimewahi kuwa na faili lililokamilika kila kitu, tukingoja cheti kimoja cha hali ya hati, kile kinachoonyesha ardhi ni ya nani. Kilipofika, riba imepanda na fundi kashapata kazi mji mwingine.

Hapo ndipo namtaja Elouise Cobell wa kabila la Blackfeet, Montana, na hapo ndipo huambiwa, "Huyo si mtu wa nyumba, ni mtu wa fedha." Jamani! Alikuwa mhazini wa kabila. Benki pekee ya mji wa Browning ilipofungwa, akahangaika hadi 1987 kabila likafungua ya kwake. Mahali pasipo na benki, nani atakukopesha ya kujengea? Na kwenye uhazini aliona watu wenye ardhi inayotoa mafuta na malisho, fedha zikipitia serikalini, wao wakiletewa hundi za senti bila maelezo. Akaomba hesabu. Hakupewa. Mwaka 1996 akaishtaki serikali kwa niaba ya watu zaidi ya 300,000 ambao fedha zao za ardhi ziliwekwa kwenye akaunti za serikali, na suluhu ya dola bilioni 3.4 ikapatikana 2009. Alifariki Oktoba 2011, kabla hundi ya kwanza haijatumwa.

Bilioni 1.9 kati ya hizo zilitengwa kununua zile hisa za vijisehemu kwa hiari na kuzirudisha kwa makabila. Mpango huo uliisha 2022. Kwangu mimi ulikuwa neema, maana faili lilikuwa jepesi. Lakini mrithi alipokea hundi ndogo, na jina lake likafutika kwenye ardhi ya bibi yake. Hilo sijalimaliza moyoni.

Wala sijui niwajibu nini wanaosema "wapeni hati kamili, wauze kama watu wengine." Jaribio hilo lilishafanyika: kati ya 1887 na 1934 ardhi ya wenyeji ilishuka kutoka karibu ekari milioni 138 hadi milioni 48. Udhamini wa serikali juu ya ardhi, unaokwamisha mafaili yangu, ndio ukuta uliozuia kilichobaki kisiende. Saa nne asubuhi natamani ubomolewe, jioni nashukuru haujabomolewa.

Kesho nina kikao na familia yenye warithi 61, wanne hawajulikani waliko. Shemeji, ukipata nafasi njoo tusaidiane kuwatafuta.