Kabla Hujalikausha Bwawa la Zamani

Mtu akipata nyumba yenye bwawa la kuogelea lililotelekezwa, hamu yake ya kwanza ni kuyatoa maji yote ya kijani. Mimi nakarabati mabwawa, na kila mara humsihi asubiri. Maji yale, machafu hivyo hivyo, yana kazi: uzito wake ndio unaolikalisha bwawa. Ardhi ikiwa imelowa, maji ya chini yake husukuma sakafu kuelekea juu, na bwawa tupu linaweza kupasuka au hata kuinuka zima. Ikibidi kulikausha, ngoja kiangazi.

Anza na uvujaji. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani yalingane na ya nje, tia alama pande zote mbili, kisha acha saa 24. Jua hupunguza yote mawili karibu sawa, kwa hiyo bwawa likishuka zaidi kuliko ndoo, linavuja. Fanya hivyo pampu ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Likishuka zaidi pampu inapofanya kazi, shuku mabomba kabla hujabomoa kigae hata kimoja.

Pesa nyingi huishia kwenye klorini. Maji yakibadilika rangi, watu huongeza klorini, dawa ya kuua vijidudu, bila kupima pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, na hapo ndipo inaponiuma. pH ikiwa 7.5, karibu nusu tu ya klorini huwa katika hali inayoua vijidudu kwa nguvu. Ikifika 8, hubaki robo hivi au pungufu. Shusha pH kwanza, ikae kati ya 7.2 na 7.6. Kisha sugua kuta na pembe kwa brashi, maana mwani hujikinga kwa utando wake. Ndipo utie klorini, tena jioni, kwa sababu jua huimaliza upesi. Siku za kawaida, miligramu 1 hadi 3 kwa lita zinatosha. Kemikali huenda kwenye maji, kamwe usimwagie kemikali maji. Na usichanganye aina mbili za klorini, zinaweza kulipuka.

Chujio la mchanga usilisafishe kila siku. Uchafu kidogo hulisaidia kunasa chembe ndogo. Ngoja geji ya presha ya chujio ipande kama bar 0.5 juu ya kipimo chake lilipokuwa safi. Mchanga wenyewe, ukitunzwa, hudumu miaka kadhaa.